Asifiwe Anamkimbia Nani?

Asifiwe hukata ndizi alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani. Hujitwisha mkungu, humuaga mama mkwe wake, kisha huelekea soko la Mwaya. Lori la wanunuzi huondoka saa tatu asubuhi. Ukichelewa, unarudi na ndizi zako.

Na Asifiwe alikuwa akichelewa kila mara. Hakupita barabarani. Alikatiza kwenye mashamba ya kokoa, akavuka mtaro, akafika sokoni na tope hadi magotini.

Baba mkwe wake, mzee Ambilikile, alifurahi sana. Asubuhi alizoea kuota jua mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, kando ya barabara. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo, lakini mzee bado aliipenda.

"Mkwe wangu ana adabu," aliwatambia wenzake. "Akijua nipo, anakanyaga tope."

Asifiwe alizisikia sifa hizo, akaendelea kukanyaga tope. Sifa ni tamu, nani azikatae?

Siku moja aliteleza mtaroni, akateguka mguu. Mzee alimwonea huruma. Akahamisha kiti chake, akawa anaota jua nyumbani.

"Mwambie sasa apite barabarani," alimwambia mkewe.

Mguu ulipopona, Asifiwe alijitwisha ndizi. Akaingia tena kwenye kokoa.

Mama mkwe alimfuata mbio. "Mwanangu, baba yako yuko nyumbani. Unamkimbia nani?"

Asifiwe alitua mkungu, akalia. "Vijana wa bodaboda pale mashineni. Wananipigia miluzi, wanausema mwili wangu. Nikinyamaza, wananizomea. Siku ya mwisho kupita pale, mmoja wao, Jackson, alinivuta kanga. Bora niache soko, mama."

Mama mkwe alimshika mkono, akampeleka kwa jirani yao, Doreen. Yeye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Labda ni mavazi yangu," Asifiwe alisema.

"Kanga hiyo ndiyo unayovaa kanisani," Doreen alijibu. "Mbona mchungaji hakuvuti?"

Mama mkwe aliangua kicheko. Asifiwe naye akacheka, machozi bado mashavuni.

"Kosa ni la anayesumbua," Doreen aliendelea. "Huo si utani, ni unyanyasaji, na sheria inaukataza. Usikae nao moyoni. Kumbuka ni nani, siku gani, wapi, na nani aliona. Peleka habari ofisi ya kijiji. Mtu akikugusa, nenda polisi, kwenye dawati la jinsia."

Waliporudi nyumbani, mama mkwe alimweleza mzee yote. Mzee alisogeza kiti karibu na ukuta. Kisha akasema kwa sauti kutoka nyuma ya ukuta, ili Asifiwe asikie.

"Mwambie mkwe wangu nimeona aibu. Miluzi ile niliisikia kila siku, nikadhani vijana wanacheza. Mimi nitakuwa shahidi wake."

Wakaenda ofisi ya kijiji, kisha polisi. Jackson aliitwa polisi. Ezra, kiongozi wa bodaboda, aliitwa ofisi ya kijiji pamoja na vijana wake. Wanawake wengine wanne walijitokeza, kila mmoja akasema yaliyompata. Kumbe Asifiwe hakuwa peke yake. Siku hiyo kijiwe cha bodaboda kikaweka sheria: anayesumbua mwanamke haegeshi tena pikipiki pale.

Wiki iliyofuata Asifiwe alipita barabarani, miguu mikavu.

"Ugonile, mama," Ezra alimsalimu. Wengine waliendelea kufuta pikipiki zao. Asifiwe alifika sokoni saa mbili, na ndizi zote zikaisha.

Akirudi, alimwona mzee Ambilikile anakuja. Alitaka kuchepuka kwa heshima, lakini hakuwahi. Mzee alikuwa ameshazama kwenye kokoa, viatu topeni, mgongo ameugeuza. Kwa kuwa mkewe hakuwapo kufikisha ujumbe, aliuambia mti.

"Wewe mkokoa, mwambie mkwe wangu apite. Barabara ni yake."

Asifiwe alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akapita, katikati ya barabara.