Kuomba Si Kushika

Ua wa nyumba yao ulijaa mashuka ya watu. Mama alikuwa dobi, na binti yake ndiye aliyeshika pasi. Binti huyo alikuwa na ulimi mwepesi, hata baba yake mkubwa akampachika jina la Mbishi. Jina likamganda, naye akalipenda.

Asubuhi hiyo Mbishi alikuwa akipiga pasi sare nyeupe za wauguzi. Alizitazama kwa wivu. Alitaka kuvaa sare kama hizo, tena za kile chuo kikubwa cha uuguzi kinachochukua wachache na kuwarudisha wengi. Mtihani wa mwisho alikuwa ameshaufanya. Matokeo yalikuwa bado.

Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, anakunywa chai.

"Subiri matokeo," alisema. "Yakitoka, omba chuo cha hapa jirani, basi. Mshika mbili, moja humponyoka. Kile kikubwa ni cha watoto wa wakubwa. Mtoto wa dobi anakwenda kutafuta nini?"

"Anakwenda kusoma, baba mkubwa. Mashuka yao tunayafua. Darasani kwao tusiingie?"

"Heshima, wewe!" mama alisema, lakini alikuwa anacheka.

"Hodi!"

Alikuwa jirani yao, mwalimu wa wauguzi, amefuata sare zake. Alimwangalia Mbishi.

"Vipi, umeshaomba chuo?"

"Bado, mwalimu. Nangoja matokeo."

"Nani kakwambia ungoje? Kila chuo kina siku yake ya kufunga mlango. Hiki cha jirani hufungua matokeo yakishatoka. Kile kikubwa hufunga kabla. Kinaanza kwa kuangalia alama zako za shuleni, matokeo unayapeleka baadaye. Wiki hii ndiyo ya mwisho!"

Mbishi aliiweka pasi kando. Kumbe alikuwa karibu kukikosa chuo chake kwa sababu ya kungoja! Hofu ikageuka hasira.

"Basi naomba leo hii. Niombe hicho tu?"

"La. Omba vitatu. Kimoja unachokitamani, hata kama ni kigumu. Kimoja kinacholingana na alama zako. Kimoja ambacho una hakika kitakupokea. Lakini vyote viwe vimesajiliwa, na uwe tayari kusoma chochote kati ya hivyo. Usijaze jina la chuo usichokitaka."

"Kuna mtego wowote?" mama aliuliza.

"Upo, dada. Vyuo vingine hukupokea mapema, lakini unaahidi kwamba hutakwenda kwingine. Msitoe ahadi hiyo kabla ya kujua ada yao na msaada wao."

Baba mkubwa aliweka kikombe chini. "Mshika mbili..."

"Baba mkubwa, kuomba si kushika!" Mbishi alisema. "Kuomba ni kubisha hodi. Mwalimu amebisha hodi hapa. Je, amehamia?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango. Mama alikamua shuka, akalitupa juu ya kamba.

"Shemeji, mimi nguo za watu sizianiki kwenye kamba moja," alisema. "Ikikatika, zote zinaingia matopeni. Wala singoji jua lizame ndipo nianike. Nenda, mwanangu. Pasi nitaishika mimi."

Mbishi alikwenda. Alisoma masharti ya kila chuo, akaomba kile kikubwa na kingine cha kati, kinacholingana na alama zake. Matokeo yalipotoka, aliyapeleka kote, kisha akaomba na cha jirani. Baba mkubwa aliguna kila alipompita.

Majibu yakaanza kuja. Chuo cha kati kilimkataa. Mbishi alilia, na baba mkubwa akasema, "Sikukwambia?" Mbishi alifuta machozi, akarudi kwenye pasi.

Kisha chuo cha jirani kikamkubali. Na chuo kikubwa nacho kikamkubali, pamoja na msaada wa ada! Mama alipiga vigelegele, mikono imejaa povu.

"Haya," alisema baba mkubwa. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa unavyo viwili. Na mshika mbili..."

"Sasa ndiyo zamu ya methali yako, baba mkubwa," Mbishi alimjibu. "Nashika kile kikubwa. Na hiki cha jirani hakijaniponyoka. Nimekiachia mwenyewe."