Mkono Uliosahihisha

Haya sikusimuliwa. Yalimpata mama mdogo nikiwa naishi kwake.

Alikuwa fundi cherehani. Alipofikisha miaka hamsini na miwili alitangaza mezani, asubuhi, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba anataka kujifunza kuchora kwa rangi. Tulicheka. Yeye hakucheka. Jumamosi hiyo akaenda maktaba, ambako ukutani zilitundikwa picha tisa za mchoraji mmoja aliyefariki zamani, watu wakimwita Mpweke. Akakaa mbele ya picha hizo na vipande vya kadibodi vya ukubwa wa kiganja, akawa ananakili kidogo kidogo: leo kikapu, kesho bega, keshokutwa kivuli cha mlango. Wasomaji waliopita nyuma yake walikohoa kuficha vicheko.

Wiki ya tatu akaifikia picha ya mwanamke anayekamua nguo. Mlinzi wa maktaba, mzee mpole, alimvuta pembeni. Akamweleza kuwa kulikuwa na mwalimu aliyeinakili picha hiyo. Ndani ya siku saba mwalimu akawa bingwa. Lakini tangu hapo hawezi kuandika jina lake mwenyewe. Akishika kalamu, linatoka la marehemu.

Mama mdogo alimshukuru, akarudi kwenye kiti chake.

Kidole gumba cha yule mwanamke kilimtoa jasho. Kila akikichora kinapinda kama ndoano. Akarudi na kadibodi nyumbani, akaiacha mezani, tukafunga mlango, tukaenda sokoni. Saa moja tu. Tuliporudi, kidole kilikuwa kimenyooka. Kilikuwa hata na ukucha uliolowa maji.

Aliniuliza kama nimekigusa, ingawa alijua fika nilikuwa naye sokoni. Kisha akachukua kisu, akakikwangua, akakichora upya kikiwa kimepinda vilevile.

Kesho yake mchana, kimenyooka. Akakwangua. Siku ya tatu, kimenyooka. Nilimsihi aichome ile kadibodi. Akasema hakurithi woga kwa wazazi wake, hataanza kuurithi kwa maiti.

Siku ya nne nilikuwa nimesimama mlangoni, jua linawaka dirishani, naye yuko mezani anachora. Brashi ikasita. Nikaona nyama ya kifundo cha mkono wake imebonyea. Mashimo manne upande huu. Moja upande ule. Hapakuwa na mtu.

Brashi ikaburutwa hadi kona ya chini. Ikaanza kuandika herufi. Haikuwa ya jina lake.

Hakupiga kelele. Alinong'ona, kwa sauti ile anayowakatalia wateja wakorofi:

"Nimekuja kujifunza. Sikuja kuazimisha mkono."

Brashi ikaendelea. Herufi ya pili.

"Ulikuwa na wako. Ulikutosha."

Akaipokonya brashi kwa mkono wa kushoto. Akazifuta herufi zile kwa rangi. Polepole, akakipinda tena kidole cha kwenye kadibodi. Halafu akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa zinazoyumba kama za mtoto wa chekechea. Mkono wa kulia ulibaki umeshikwa hewani, kisha ukaachiwa, ukaanguka mezani kama mzigo.

Kadibodi ile haikubadilika tena. Alama za kifundoni zilichukua siku mbili kufifia.

Jumatatu mlinzi alipiga simu. Alizungumza chinichini. Alimwomba mama mdogo aje kabla maktaba haijafunguliwa. Tulikwenda wote wawili.

Picha ilikuwa palepale ukutani. Vumbi juu ya fremu halijaguswa. Utando wa buibui bado umeishika kona. Lakini kidole gumba cha yule mwanamke kilikuwa kimepinda kama ndoano.

Mama mdogo alikitazama muda mrefu. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Kumbe naye anafundishika," akasema. Akavuta kiti, akatoa kadibodi mpya.

Mlinzi alisogea, akakigusa kidole kile kwa ncha ya chake. Akautoa mkono haraka, akautazama.

Rangi ilikuwa bado mbichi.