Dawa Ndani ya Katoni ya Sabuni

— Swali ya mwisho, ba papa. Kama bibi yako anakunywa dawa ya kupanga uzazi na anakuficha, utafanya nini?

Euphrasie aliuliza akitazama kinasa sauti, si watu. Yeye ni mtafiti wa afya ya uzazi, na swali hilo alishawauliza wanaume wengi wa Kisangani. Leo alitamani kuliruka, maana kwenye benchi la nyuma alikaa mume wake, Mumbere.

Kosa lilikuwa lake. Mtafiti hamhoji mumewe, hilo hata mwanafunzi analijua. Lakini vita vilikuwa vimewafanya wanaume waogope kukusanyika, kwani askari wa kambi ya Kapalata wakiona kundi la wanaume wanawabebesha mizigo. Ndipo Mumbere, mfanyabiashara wa sabuni na maharagwe, akamletea wenzake wa sokoni, naye akaketi nao.

— Mimi namurudisha kwao! alifoka Lambert, muuza chumvi. Na mbuzi zangu zote za mahari zirudi!

Wenzake wakacheka. Euphrasie hakucheka, kwa sababu dawa hiyo alikuwa akiinywa yeye mwenyewe kwa siri. Siku za mabomu alijificha chini ya kitanda, mtoto akaja kabla ya wakati, na hakulia hata kidogo. Tangu hapo aliapa hatabeba mimba tena bunduki zikiwa mjini. Mama mkwe, huko Butembo, hakujua hayo. Kila mara aliita kwa phonie, ile redio ya wafanyabiashara, ambayo mtu husema "À toi" kumpa mwenzake zamu na "Terminé" kufunga:

"Mumbere, bado tu? Kama tumbo ya huyo imefunga, huku mabinti iko. À toi!"

Na Mumbere alijibu jambo lile lile kila mara:

"Mama, maharagwe imefika. Terminé."

Sasa Lambert akamgusa kwa kiwiko.

— Na weye, Mumbere? Utafanya nini?

Euphrasie akanyoosha mkono azime kinasa sauti. Aliona ndoa yake inavunjikia mbele ya wauza chumvi.

— Acha iendelee, madame, alisema Mumbere. Mimi nitamuagizia dawa ingine.

Lambert akamgeukia.

— Namna gani, ndeko, ndugu yangu?

— Bibi yangu alificha paketi ndani ya unga ya fufu. Alisahau kama yeye akienda kwa enquête, kuuliza watu maswali, mimi njo napika. Nikaona, nikarudishia unga juu. Alors mto ikafungwa na vita, mashua haifike tena, dawa ikaisha kwa dispensaire. Alilia kwa jikoni, ati ni moshi. Na mbabula ya makaa ilikuwa haijawashwa! Nikaita Butembo, wenzangu wa biashara wakatuma dawa na ndege mpaka kiwanja ya Simi-Simi, ndani ya katoni ya sabuni. Nikapatia nurse Marthe, nikamuambia agawie bamama wote, asitaje jina yangu.

— Kumbe! Lambert akakuna kichwa. Na mbuzi?

— Zibaki kwa baba mukwe. Zimeshazaa.

Wanaume walipoondoka, Euphrasie alibaki amekaa, machozi yanamtiririka.

— Ulijua siku zote, ukanyamaza? Mimi nilikuwa nakufa na woga, Mumbere!

— Na mimi nilikuwa na woga. Ni mimi njo nilifunga mutoto wetu ndani ya kitambaa ya kikwembe siku ya kumuzika. Ningekuuliza namna gani? Nilingoja uniambie.

— Unisamehe. Nakupenda sana. Lakini bado, chéri. Siko tayari.

— Bon. Nitaagiza tena.

Jamani, mume ni huyo. Kuanzia siku ile, kila jioni baada ya fufu, yeye ndiye aliyeleta kikombe cha maji.

— Euphrasie, dawa!

Alipaza sauti mpaka majirani wakasikia. Na mama yake alipoita tena, hakumtajia maharagwe.

"Mama, tulipoteza mutoto siku ya mabombe. Sasa ni sisi wawili tunangoja. À toi."

Phonie ikakwaruza.

"Umupikie vizuri," mama akasema. "Terminé."

Vita vikapoa. Mto ukafunguliwa, na jioni moja honi ya mashua iliyotoka Kinshasa ikasikika mji mzima. Watoto walikimbilia beach, bandari ya mtoni, wakipiga kelele. Mumbere alisimama mlangoni, kikombe mkononi kama kawaida.

— Euphrasie, dawa!

— Leo hapana.

— Imeisha? Ngoja, kesho asubuhi naita Butembo.

— Haiishe. Iko mingi, utapelekea Marthe, bamama wengine wanaihitaji. Mimi leo sitaki dawa, Mumbere. Nataka mutoto.

Kikombe kilimtoka mkononi. Maji yakamwagika miguuni pao wote wawili, na hakuna aliyeinama kuyapangusa.