Nyota za Bendera Mpya

Asubuhi Sindano alifungua kibanda chake cha kushonea. Alifuta vumbi kwenye cherehani ya marehemu mama yake, akatia mafuta, akatunga uzi. Jina lake halisi wateja walikwisha kulisahau. Yeye alikuwa Sindano, na dada yake mkubwa alikuwa Mkasi.

Mama yao ndiye aliyewagawia kazi: mkubwa akate, mdogo ashone. Enzi hizo walikaa meza moja, magoti yakigusana chini yake. Dada aliimba. Mama akipita aliwagonga kichwani kwa futi ya kupimia. "Mikono, si midomo!" Sindano aliikumbuka meza ile kila siku, na kila siku ilimuuma kidogo.

Dada aliolewa ng'ambo ya mto, katika jimbo la pili. Hata hivyo kazi haikukatika. Sindano alipeleka vitambaa na vipimo kwa basi la asubuhi, dada akakata, basi la jioni likarudisha. Watu waliwacheka, lakini nguo ziliwakaa vizuri. Sindano mwenyewe hakujua kukata hata leso.

Mwaka mmoja jimbo la Sindano lilichemka. Serikali kuu ilikuwa imelivunja baraza la jimbo na kuahirisha uchaguzi wake. Maji yalikuwa yamezidi unga. Watu wakaanza kusema, "Tujitenge! Tuwe nchi yetu!"

Neno hilo lilimwingia Sindano moyoni. Lilimrudisha zamani, jimbo lilipoamua mambo yake, soko lilipokuwa jipya na mama yake yu hai. Alidhani nchi mpya itamrudishia siku zile.

Siku moja mumewe aliingia na jora la kitambaa begani. Alikuwa mjumbe wa kamati ya kujitenga.

"Mama watoto, umepewa heshima. Utashona bendera za mkutano. Kila moja ina nyota."

"Niachie mimi," alisema Sindano.

Akafanya kama alivyozoea. Alikifunga kitambaa cha nyota, akachora mfano wake, akakipeleka stendi. Jioni nyota zilirudi, ncha zake zimenyooka. Mara simu ikalia.

"Mdogo wangu, nyota umezipata?"

"Nimezipata, dada. Hongera kwa mkono."

"Za nini? Sare za shule?"

"Za bendera. Tunajitenga."

Dada akacheka kicheko kikavu. "Yaani umeniletea mimi nikate bendera ya kunifukuza?"

"Si wewe, dada! Tumechoka na serikali."

"Serikali hiyo mimi niliipigia kura, unajua. Haya. Mkishajitenga, vitambaa vitapita wapi?"

Sindano aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Kesho yake jirani yake, mwalimu wa elimu ya uraia, alikuja kuchukua gauni lake. Sindano akamweleza yote.

"Mwalimu, ni kosa kutaka kujitenga?"

"Kutaka si kosa. Ziko nchi zilizoachana kwa amani, na ziko zilizoachana kwa damu. Ndiyo maana tunauliza kwanza. Sheria inasemaje? Nani atapiga kura? Mpaka utapita wapi? Wasiotaka watalindwaje?"

"Basi tunyamaze tukionewa?"

"Hata kidogo! Ninyi mmekosa nini hasa?"

Sindano alifikiri. "Baraza letu. Uchaguzi wetu."

"Basi daini hayo kwa majina yake. Mahakama ipo. Wabunge wenu wapo. Maandamano ya amani ni haki yenu. Hasira hasara, jirani, ikitangulia maswali."

"Nilidhani tutarudi kama zamani," alisema Sindano polepole.

Mwalimu alimshika mkono. "Mama yako harudishwi na bendera."

Sindano alilia, kisha akajifuta kwa ncha ya gauni la mwalimu. Ilibidi alipige pasi upya.

Siku ya mkutano mumewe alimfuata mbio. "Bendera ziko wapi?"

"Sijashona. Kwanza nina swali." Akaenda naye mkutanoni, akasimama mbele ya watu. "Mpaka utapita wapi?"

"Darajani!" alijibu mwenyekiti.

"Nani hapa hana mtu wake ng'ambo ya daraja?"

Mkono mmoja uliinuka. "Shusha!" mtu akamwambia. "Mkeo tulimtoa wapi?"

Watu walicheka, kisha wakaanza kuulizana. Walibishana hadi jua likazama. Mwisho walikubaliana: wadai baraza kwanza, na suala la kujitenga lisubiri hadi maswali yapate majibu. Mume wa Sindano alinuna, lakini ndiye aliyeongoza ujumbe wa kwenda mahakamani.

Kesi ilichukua muda mrefu. Hatimaye mahakama iliamuru uchaguzi ufanyike. Jimbo likapata baraza lake, na diwani wa kwanza kuzomewa alikuwa yule waliyemchagua wenyewe.

Wiki hiyo dada alishuka basini na mkasi wa mama mkobani.

"Nimekuja kukufundisha kukata," alisema. "Siku mkijitenga kweli, usife njaa."

Walikaa meza moja. Walibishana siasa tangu chai hadi chakula cha mchana, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Chini ya meza magoti yao yaligusana. Dada akamwekea mkasi mkononi.

Sindano aliutazama, akausukuma ukarudi.

"Kata wewe," alisema. "Mimi nitashona."