Kwaheri Kabla ya Hodi

Asubuhi ile, katika ofisi ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mjini Bariadi, seva ya simu za intaneti iliandika jambo la kipuuzi: kwaheri imefika kabla ya hodi. Simu ilikuwa imeagwa, ndipo ikaanza kupigwa.

"Ujumbe umepishana njiani," alisema Minza, fundi wa mitambo, ambaye hakuwa na subira na watu wanaoona jini kwenye kila waya uliolegea. Akabadilisha waya. Akazima, akawasha. Kwaheri ikatangulia tena. Chumba kikaanza kunuka machinjio.

"Dada Minza, nani kachinja humu?" aliuliza Esteria wa mapokezi.

"Mtandao. Kamata mguu nikate kichwa."

Wakacheka.

Saa nne mlinzi, mzee Mayige, aliingia ameinua mkono. Mstari wa damu ulizunguka vidole vyake vitatu, mwembamba kama uzi.

"Sijagusa kitu," alinong'ona. "Umekuja wenyewe."

Simu ya mezani ikalia. Akainua mkonga. "Haloo?"

Ndani ya mkonga panga lilivuma, na vidole vitatu vikadondoka juu ya daftari la wageni.

Minza alikuwa akiufunga mkono ule kwa kitenge alipoelewa: alama ya jeraha inatangulia, wito unafuata, na kuitika ndiko kunakoleta panga. Akageuka. Shingoni mwa Esteria uzi mwekundu ulikuwa umeshazunguka.

"Usiguse simu!"

Aling'oa nyaya za seva, akazibamiza simu zote tano ukutani mpaka zikapasuka, akavikanyaga vipande, na bado kutoka kwenye vile vipande sakafuni ikapanda sauti ya mama mtu mzima, ya upole, isiyo na haraka: "Mwangaluka, ng'wana Mboje."

Ilikuwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mwana wa Mboje alikuwa Esteria; binti aliyelelewa kijijini Sapiwi haachi salamu ya mkubwa ianguke chini. Mdomo huitika kabla ya akili, kwa hiyo Minza alimrukia Esteria, akamlaza sakafuni, akamziba mdomo, na Esteria, akipigania kuitika, akamng'ata kiganja mpaka meno yakagonga mfupa.

"Usiitike! Itakuua, mdogo wangu!"

"Mwangaluka, ng'wana Mboje. Siku hizi hamsalimiki?"

Esteria akatulia. Alikuwa ameelewa. Akakaa, machozi yakimtiririka, akajiziba mdomo kwa mikono yake miwili, akatikisa kichwa: hapana.

"Mwangaluka," ilisema sauti kwa mara ya tatu, sasa kwa majonzi ya mzazi aliyedharauliwa.

Na pale mlangoni, mzee Mayige, aliyekwisha kuzimia nusu kwa kuvuja damu, akaona aibu kwa niaba ya vijana.

"Mwangaluka, mayu," akamwitikia mama yule.

Kichwa kiliangukia mapajani mwa Minza. Mikono ya Esteria ilibaki juu, imeziba mdomo ambao haukuwepo tena.