Sufuria Iliyonyimwa Pumzi

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichovuja zaidi ya siku moja. Ndoo ikitoboka asubuhi, jioni imezibwa. Bomba likidondosha tone, la pili halikupata nafasi. Baba mwenye nyumba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Bwana Ziba, naye alilipenda jina hilo.

"Huyu alipokuwa mdogo aliziba pua zake mwenyewe kwa maharage," mama yake alikuwa akisema. "Nilijua mapema atakuwa fundi."

Mama yake aliishi hapo hapo. Wote walimwita Bibi. Mke wa Bwana Ziba alikuwa msusi. Alisuka wateja barazani, na msusi hawezi kuacha kichwa cha mtu katikati kila dakika tano kukimbilia jikoni.

Mwezi ule Bibi aling'olewa meno yake ya mwisho, yote saba. Fizi zilikuwa bado na vidonda. Hakuweza kutafuna. Akawa anakunywa uji asubuhi, uji mchana, uji jioni.

"Nimekunywa uji mpaka nikicheka tumbo linaitika chwaa," alisema. Halafu akaacha kuunywa.

Mke akampeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akaangalia kadi, akampima tena.

"Bibi, umepungua kilo nne katika wiki tatu. Urudi baada ya wiki mbili. Ukiwa umepungua tena, tutakulaza."

"Mnilaze kwani mimi mtoto mchanga? Kitanda ninacho nyumbani."

Muuguzi hakucheka. Alimgeukia mke. "Uji mtupu hautoshi. Mpe vyakula laini vyenye nguvu. Mayai, viazi, maharage yaliyopondwa. Na supu nzuri ya mifupa ya kupondea hivyo vyote, ili avipende."

Wakati wa kurudi, mke alipita buchani. Akanunua mifupa ya goti na mifupa yenye uboho. Aliiweka kwenye sufuria ya kawaida. Ikachemka kutwa nzima. Jioni maji yalikuwa bado mepesi, na gesi ikaisha.

Hapo akakumbuka sufuria ya presha aliyopewa na dada yake. Alikuwa ameitumia mara mbili tu, kwa maharage. Siku ya pili akabadilisha mtungi wa gesi, akapanga mifupa ndani ya sufuria hiyo. Akatia vitunguu na maganda yake. Akajaza maji mpaka ukingoni, maana alitaka supu nyingi. Akafunga, akawasha.

Muda si mrefu ikalia fssss! Mvuke haukutoka katikati, pale penye kizito, kile kichuma kinachokaa juu ya tundu la mvuke. Ulitoka pembeni, kwenye kizibo kidogo cha mpira. Ukarusha maji ya moto ukutani. Mke akazima haraka.

Jioni alimwonyesha mumewe. Bwana Ziba aliugeuza mfuniko huku na huku kama daktari.

"Inavuja," alisema. Na macho yake yakang'aa.

Akauchukua mfuniko mpaka karakana yake. Aliutoa ule mpira. Akayeyusha shaba, akaliziba tundu. Akalisugua mpaka likawa laini kabisa.

"Sasa hata mbu hapiti," alisema akirudi.

Bibi alipapasa ile shaba kwa kidole. "Na hilo tundu waliliweka la nini?"

"Kiwandani walikosea, mama."

"Kiwanda kizima kimekosea, umeona wewe peke yako?"

Bwana Ziba alijidai hakusikia.

Asubuhi iliyofuata mke alijaza tena sufuria mpaka ukingoni, akatia mifupa mipya. Akafunga mfuniko, akawasha moto mkali, akaenda barazani. Mteja alikuwa amekaa tayari. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha kila siku, ukutani karibu na mlango wa jikoni, mahali penye joto.

Saa nne akaja jirani yao. Mama huyu alikuwa amepika hospitalini miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alizoea kutembea na kijiko mfukoni, basi jina lake likawa Bi Kijiko.

"Hodi! Kibogoyo yupo?"

"Karibu. Kibogoyo yupo, meno yametoka kidogo," Bibi alijibu.

Bi Kijiko akacheka, akavuta kigoda. Alinusa, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Mke wa fundi, kuna nini jikoni?"

"Supu ya mifupa, mama. Iko kwenye sufuria ya presha."

"Tangu saa ngapi?"

"Kama nusu saa."

"Mbona kimya?"

"Ilikuwa inavuja pembeni. Mume wangu ameiziba."

Bi Kijiko alisimama. "Ameziba nini?"

"Tundu la pembeni, lenye mpira."

Hakuuliza tena. Mtungi wa gesi ulikuwa nje, chini ya dirisha la jikoni, na bomba lake lilipita ukutani. Bi Kijiko aliuzungukia, akaufunga hapo hapo. Jikoni hakutia mguu.

"Tokeni wote! Uwanjani! Asiingie mtu humo!"

Mteja alitoka mbio, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kwa hofu. Mke alimshika Bibi mkono. Bibi aling'ang'ania kiti.

"Nibebeni nacho. Nikifa nife nimekaa."

Wakambeba na kiti chake.

Walikaa chini ya kamba ya nguo, wakiutazama mlango wa jikoni. Mke alimalizia kumsuka mteja pale pale, macho yakiwa mlangoni. Mistari miwili ilikwenda upogo.

Mchana Bwana Ziba alirudi kula. Akawakuta wote uwanjani.

"Kuna msiba?"

"Bado," Bi Kijiko alisema. "Tunausubiri uondoke. Uko kwenye sufuria yako."

"Ngoja nikaifungue."

"Kaa hapo, mwanangu! Hakuna anayeifungua mpaka ipoe kabisa." Akamwonyesha jiwe la kukalia. "Hebu niambie. Karakana kwako una tangi la hewa?"

"Ninalo, la kupulizia rangi."

"Lina kidude kinachotoa hewa ikizidi?"

"Valvu ya usalama. Linayo."

"Siku moja ikianza kupuliza, utaiziba kwa shaba?"

Bwana Ziba alicheka. "Nina wazimu gani? Tangi si litapasuka, karakana yote…"

Alitazama mlango wa jikoni. Kisha akatazama ukutani karibu na mlango, mahali pa kiti cha mama yake. Pale chini miguu ya kiti ilikuwa imechora alama nne.

"Mama hukaa pale," alisema taratibu.

"Leo nilikuwa pale," Bibi alisema. "Palikuwa pazuri, pana joto."

Walingoja mpaka sufuria ikawa baridi kama bakuli la kabatini. Bi Kijiko ndipo akaingia, akaufungua mfuniko. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia tundu la katikati. Mwanga haukupita. Akachokonoa kwa njiti. Likatoka ganda la kitunguu, jembamba kama karatasi.

"Mwizi ndiye huyu," alisema. "Sufuria ilijaa mno. Maji yalipopanda jana, yakalisukuma ganda hili mpaka kwenye tundu la mvuke. Likaziba. Mvuke ukakosa njia, ukatokea kwenye kizibo cha pembeni. Kile kizibo kimewekwa ili kiachie. Jana kiliwaokoa. Asante yake ikawa shaba."

Bwana Ziba alishika kichwa. "Hiyo shaba ningeitoa leo…"

"Mfuniko huu hauponi tena, fundi. Usiuchokonoe. Tafuta mwingine wa sufuria hii hii, na mpira wake mpya."

Siku ile Bibi alikula yai laini na viazi vilivyopondwa. Mifupa ilikuwa nusu mbichi na ilikaa muda mrefu kwenye maji ya uvuguvugu, kwa hiyo Bi Kijiko aliimwaga. Bibi aliiaga kwa macho.

Kesho yake Bwana Ziba alifunga karakana mapema. Alizunguka maduka ya vyombo mpaka akapata mfuniko unaofaa. Mke akanunua mifupa mingine. Bi Kijiko alikuja na kijiko chake.

"Kwanza mfuniko," alimwambia mke. "Kila mara, kabla ya kufunga, chungulia tundu kwenye mwanga. Umeona anga?"

"Nimeona, mama."

"Papasa mpira. Usiwe umepasuka wala kukauka. Haya, mifupa. Ioshe. Ichemshe wazi dakika kumi, umwage maji hayo na mapovu yake. Isuuze. Supu haitanuka wala haitakuwa na tope."

Mke akafanya hivyo. Akapanga mifupa sufuriani, akatia karoti na kijiko kimoja cha siki.

"Vitunguu?"

"Menya. Maganda umpe fundi akayachomelee."

Bwana Ziba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia viatu vyake.

Mke alianza kumimina maji. Bi Kijiko alisimamisha kijiko ndani ya sufuria, kikawa kama kipimo. "Gawa sufuria mafungu matatu. Mawili yajae, la tatu ni la mvuke. Hapo! Usiongeze hata tone."

"Ni supu kidogo, mama."

"Supu kidogo ukiwa hai ni nyingi. Na ukipika maharage, ishia nusu, maana yana povu."

Wakafunga, wakawasha. Mvuke ulipoanza kukichezesha kizito, Bi Kijiko alipunguza moto mpaka kizito kikawa kinatikisika polepole. Tsi, tsi, tsi.

"Hiyo ndiyo sauti yake. Hesabu saa mbili kuanzia sasa. Mifupa ya kuku, saa moja inatosha. Ikinyamaza kabla ya wakati, au ikitoa mvuke pembeni, zima. Usiisogelee, usiizibe."

"Na saa mbili zikiisha?"

"Zima, uiache. Ishushe pumzi yenyewe. Mfuniko ukigoma kufunguka, usishindane nao. Bado kuna mvuke."

Mke alisuka kichwa kizima bila kukimbia jikoni. Kila mara aliinua shingo, akasikia tsi, tsi, akaendelea. Aliporudi kufungua, supu ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na mifupa ilivunjika kwa kidole. Aliichuja mara mbili ili kisibaki kipande kidogo cha kumkwama Bibi kooni.

Bi Kijiko alipondea viazi na maharage laini ndani ya bakuli la supu, akakoroga. "Maana supu peke yake si mlo," alisema. "Inafungua koo na hamu. Nguvu yenyewe iko huku pia."

Bibi alionja. Hakusema kitu. Hiyo ilikuwa habari kubwa katika nyumba ile. Alikula mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini.

Supu iliyobaki waliigawa kwenye vyombo vidogo ili ipoe upesi, wakaiweka kwenye friji kabla saa mbili hazijapita.

Asubuhi yalisikika makelele. Mke alikuwa amefungua friji.

"Imeharibika! Imeganda kama gundi!"

Alishachukua chombo kimoja kukimwaga. Bi Kijiko, ng'ambo ya ua, alisikia. "Usimwage! Hiyo ndiyo dalili kwamba umepika vizuri! Ondoa mafuta ya juu, uchemshe kiasi anachokula sasa. Ndani ya siku tatu iwe imekwisha!"

"Na hiki kingine mbona kitupu?"

Wote wakamgeukia Bibi. Bibi alikuwa anafuta mdomo kwa ncha ya upande wa kanga.

"Nilikuwa naangalia kama imeharibika," alisema.

"Mama, hiyo huchemshwa kwanza!" Bwana Ziba alisema.

"Basi mmechelewa kuniambia."

Baada ya wiki mbili walirudi zahanati. Muuguzi alimpima Bibi. Akaangalia kadi.

"Umeongezeka kilo moja na nusu."

"Na kitanda chako?" Bibi aliuliza. "Mpe mwingine."

Miezi miwili baadaye fizi zikapona, naye akapata meno ya bandia. Siku ile ile aliomba nyama choma. Supu hakuiacha. Mfuniko wa zamani Bwana Ziba aliutundika karakana, juu ya tangi la hewa, ile shaba ikitazama mlangoni. Wateja walipomletea sufuria za presha zinazovuja, aliwaonyesha, akawarudisha dukani wakanunue kizibo kipya.

Jioni moja alikuwa amekaa na mama yake, kiti kikiwa kimerudi kwenye alama zake nne. Jikoni ikasikika fssss. Bwana Ziba alisimama. Mkono tayari unatafuta koleo mfukoni.

Bibi alisikiliza kidogo. Tsi, tsi, tsi. Ilikuwa sauti ya katikati.

Akamvuta shati, akamketisha.

"Kaa, mwanangu. Acha ipumue."