Hawara wa Mfalme Juu ya Kochi

Jumapili moja ya Mei mwaka jana, saa kumi jioni. Picha ya mwanamke mwenye gauni la buluu ilikuwa ukutani, juu ya kochi, katika fleti ya Telesphor na mkewe Restuta huko Thamesmead, London. Jikoni Restuta alikuwa akikaanga sambusa. Watanzania wa eneo hilo husali sala ya jumuiya nyumba kwa nyumba, na siku hiyo zamu ilikuwa yao.

Ndugu zangu, nyumba hiyo ilikuwa na amani. Waliokuwepo wote wanasema hivyo.

Picha aliichora Telesphor mwenyewe, katika darasa la jioni la uchoraji kule Peckham. Mwalimu aliwaeleza kwamba baadhi ya wafalme wa Ufaransa walikuwa na hawara anayetambuliwa rasmi. Alipewa vyumba ikulu, akachorwa na wachoraji bora, na malkia akaishi naye chini ya paa moja. Historia hiyo ni ya kweli. Telesphor aliichukua kama ruhusa.

"Shemeji," Albert, kiongozi wa jumuiya, alimtania Restuta, "huyu mfalme wa Ufaransa alichukua Mmachame nini? Sura hii ni ya kwetu Kilimanjaro."

"Muulize mchoraji," Restuta alicheka. "Mimi kazi yangu kumfuta vumbi kila Jumamosi. Namjua mpaka kikovu cha juu ya jicho."

"Ni hawara wa zamani huyo," Telesphor alisema. "Nimembadilishia rangi tu." Yeye hakucheka.

Kengele ya mlango ikalia.

"Huyo atakuwa mgeni wangu," Albert alisema. "Dada mmoja nimekutana naye kanisani, nikamwelekeza hapa."

Restuta alifungua mlango. Alichokiona kwanza ni kikovu.

"Karibu, dada," alisema kwa sauti ile ile. "Kaa pale, chini ya picha."

Mgeni, aliyeitwa Elinaja, aliinua macho ukutani, kisha akamwona Telesphor.

"Uliniambia mkeo alibaki Moshi."

Hakuna aliyeanzisha sala. Harufu ya sambusa zinazoungua ikaingia sebuleni.

"Mama Nancy," Telesphor alisema, "hata kule Ufaransa malkia alijua, na ikulu haikuvunjika."

"Malkia alikuwa na watumishi, Baba Nancy. Huyu nimemfuta uso mimi, kwa mkono wangu, na wewe ukiwa hapa."

"Sikuwa hapa," alijibu, macho chini.

Ilikuwa kweli. Baadaye alimweleza Albert kwamba kila Jumamosi, aliposikia kiti kikiburutwa kuelekea ukutani, alishuka kuosha gari. Hakuweza kuutazama mkono wa mkewe ukipita juu ya uso ule. Gari lake lilikuwa safi kuliko yote ya jengo hilo.

FUNZO

Msomaji, tendo la aibu halipati heshima kwa sababu wafalme walilifanya, wala kwa sababu limetiwa kwenye fremu. Picha zile za Kifaransa zinatuonyesha uso wa hawara. Hazituonyeshi malkia alilala vipi. Na mtu anayetoka nje ili asimwone mkewe akifuta vumbi ameshajihukumu mwenyewe. Aache siku hiyo hiyo, aseme ukweli, asingoje kengele ya mlango.

Jumamosi iliyofuata Telesphor alikwenda kuchukua nguo zake. Picha aliikuta imeegemezwa nje ya mlango. Ilikuwa imefutwa vumbi.